Laki saba na ishirini Njombe au laki tisa na nusu Dar: ipi inabaki mkononi?

"Nina miaka 36, ni mhasibu, nimeoa na tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miaka mitatu. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Mshahara wangu ukishakatwa kila kitu unabaki 950,000. Mke wangu ni fundi cherehani, ana fremu hapa mtaani na faida yake ni kama 350,000 kwa mwezi. Kodi ya vyumba viwili na sebule ni 250,000. Umeme tunachangia mita na wapangaji wenzetu, unatuondokea na 50,000. Nauli yangu 90,000, chakula cha mchana kazini 78,000, chakula cha nyumbani 450,000, maji 25,000, gesi na mkaa 45,000. Ada ya mkubwa ni 1,600,000 kwa mwaka, na basi la shule 60,000 kwa mwezi. Mama yangu namtumia 50,000. Mwisho wa mwezi tunabaki na kama 70,000, na homa moja tu ikiingia zimekwisha. Sasa kampuni moja ya parachichi Njombe imeniita, wanatoa 720,000 mkononi. Binamu yangu aliyeko huko anasema laki saba za Njombe ni milioni na nusu za Dar, na kwamba nyumba kama yetu ni 120,000. Mke wangu anaogopa, na mdogo wetu anasumbuliwa na kifua. Tuhame?"

Ndugu yangu, kwanza nakushukuru kwa kuandika tarakimu. Wengi hunieleza kwamba maisha ya Dar ni magumu bila kutaja hata kodi wanayolipa, na hapo hakuna mtu anayeweza kuwasaidia. Wewe umefungua daftari lote. Nikikuelewa vizuri, kuhama peke yake hakukusumbui. Unaogopa kupunguza mshahara kwa laki mbili na thelathini kwa ahadi ya unafuu ambao hujauona, halafu ugundue umekwama kilomita mia saba kutoka kwenye riziki uliyoizoea. Hofu hiyo ni ya haki, na ya mkeo nadhani ni ya haki zaidi. Nitaeleza sababu.

Nianze na hesabu ya binamu yako, maana ndiyo inayopotosha watu wengi. Hakuna namba moja ya kuzidishia pesa ya Njombe ikawa ya Dar. Ingekuwepo, ingebidi kila kitu kiwe rahisi Njombe kwa kiwango kilekile, na sivyo ilivyo. Kuna vitu vinavyotoka shambani, kuna vinavyotoka bandarini, na kuna vile ambavyo bei yake hupangwa mara moja kwa nchi nzima. Kila kundi linakwenda na njia yake.

Chukua viazi mviringo. Njombe unavinunua karibu na shamba. Hadi vifike sokoni Dar, gunia la lumbesa limeshalipiwa vibarua wa kupakia, ushuru wa mazao wa halmashauri, lori, mafuta ya lori, vibarua wa kushusha na dalali wa sokoni, na sehemu ya mzigo imeoza njiani. Mama wa Kimara anayenunua sado moja anayalipia yote hayo bila kuyaona. Ndivyo ilivyo kwa mahindi, maharage, kabichi, maziwa na mayai, na kwa parachichi zenyewe. Hapo binamu yako anasema kweli kabisa.

Sasa geuza safari. Sabuni, sukari ya kutoka nje, mafuta ya kula yaliyoagizwa, simu, vipuri, mtungi wa gesi, dawa nyingi na vitambaa vya mkeo vinaingia au vinatengenezwa pwani, halafu vinapanda lori kwenda Njombe. Ukitaka ushahidi wa wazi, tazama bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa kila mwezi, mji kwa mji. Miji yenye bandari, yaani Dar, Tanga na Mtwara, huwa chini, na kadiri unavyokwenda bara petroli inapanda. Samaki wa baharini na nazi nao ni hivyohivyo. Familia iliyozoea wali wa nazi na changu ikihamia nyanda za juu bila kubadili sahani, haitaona unafuu wowote jikoni. Unafuu wa chakula wa mji mdogo anaupata anayekubali kula kinacholimwa pale.

Kundi la tatu halijali unaishi wapi. Bando la simu ni lilelile. Makato ya kodi ya mapato huanza juu ya 270,000 uwe Masaki au Makambako. Shule ya serikali haina ada, msingi na sekondari hadi kidato cha nne, tangu 2016, Dar na Njombe sawa.

Jingine linalochanganya watu ni mfumuko wa bei. Ukisikia Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetangaza kiwango cha mfumuko, hicho kinaonyesha bei zimepanda kiasi gani kulinganisha na mwaka uliopita. Hakisemi Dar ni ghali kuliko Njombe. Bei zinaweza kupanda kwa kasi ileile miji yote miwili huku mmoja ukibaki rahisi siku zote, kwa hiyo namba hiyo haitakusaidia kwenye uamuzi huu.

Tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo pesa yako nyingi inapookoka. Udogo wa mji peke yake haushushi kodi. Kodi inategemea ni watu wangapi wenye kipato wanaogombea nyumba zilizopo. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu zaidi ya milioni 5.3, na kila anayefanya kazi Posta au Kariakoo anatafuta chumba ambacho asubuhi kitamfikisha kazini. Kimara yako ina njia ya mwendokasi tangu 2016, na mwenye nyumba analijua hilo, kwa hiyo sehemu ya kodi yako ni bei ya kuwa karibu na kituo. Lakini Dodoma ilikuwa ya bei nafuu hadi serikali ilipotangaza kuhamia huko 2016, watumishi wakaja na kodi ikapanda. Miji ya migodi kama Geita nayo ina nyumba ambazo bei yake ingekushangaza. Kwa hiyo usiniulize tu kama Njombe ni mji mdogo. Uliza nani mwingine anahamia Njombe. Biashara ya parachichi, chai na mbao inaingiza wageni wenye mishahara, na nyumba nzuri za katikati ya mji hazikai wazi muda mrefu. Ile 120,000 ya binamu yako, hakikisha ni ya nyumba iliyo wazi sasa na si ile aliyopanga yeye zamani.

Kwenye umeme kuna kitu ambacho huenda hukijui, na kitakufaa hata ukibaki Dar. TANESCO ina daraja la matumizi madogo la majumbani, ambapo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, yaani kama 122 mkononi. Daraja la kawaida ni 292 kabla ya makato, kama 356 mkononi. Wapangaji watatu wakichangia mita moja, matumizi yao ya pamoja yanavuka 75 na mita inakaa daraja la juu, hata kama kila familia peke yake inatumia uniti hamsini tu. Uniti 50 za daraja la chini ni kama 6,100, na za daraja la juu ni karibu 17,800. Ukipata nyumba yenye LUKU yake, yaani mita yake ya umeme wa kulipia kabla, popote pale, nenda ofisi ya TANESCO uulize mita iko daraja gani. Wakati huohuo muulize mwenye nyumba kuhusu ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi. Ni deni lake, ila wapangaji wengi wanaibeba kimya.

Sasa hesabu. Kwa tarakimu zako, na ada nikiigawa kwa miezi 12, matumizi ya Dar ni 1,231,000. Mnaingiza 1,300,000 nyote wawili. Inabaki 69,000, kama ulivyosema.

Kwa Njombe nimekadiria, na kila kadirio lina haki ya kupingwa na bei utakayoikuta mwenyewe. Kodi 120,000. Chakula cha nyumbani nimekishusha hadi 340,000 na si zaidi, kwa sababu ya sukari, sabuni, mafuta ya kula na mchele, ambao bado unasafirishwa kutoka mabondeni. Mchana utakula nyumbani mara nyingi, nimeweka 15,000. Bodaboda za hapa na pale 20,000. Umeme 25,000, maji 15,000. Mkaa na gesi nimevipandisha hadi 60,000, maana Njombe ni baridi kweli, hasa Juni na Julai, na hakuna atakayeoga maji ya bomba bila kuyachemsha. Ada ya shule binafsi nimeweka 1,000,000 kwa mwaka bila basi, kwa sharti kwamba nyumba iwe karibu na shule. Mama yako 50,000 kama kawaida. Halafu gharama ambayo wanaohama huisahau: safari ya familia kwenda Dar mara moja kwa mwaka, siti tatu kwenda na kurudi, tuseme 300,000, sawa na 25,000 kwa mwezi.

Jumla inakuja 753,000. Matumizi yameshuka kwa 478,000, karibu asilimia 39. Ni unafuu mkubwa, ila ni mbali na laki saba kugeuka milioni na nusu. Na mshahara ni 720,000. Maana yake, kwa mshahara wako peke yako mtapungukiwa na 33,000 kila mwezi, katika mji mnaoambiwa ni rahisi.

Hapo ndipo hofu ya mkeo inapopata uzito. Swali lako lote linazunguka mshahara wako, lakini kwa hesabu hii anayeamua ni cherehani yake. Akipata Njombe faida ya 102,000 kwa mwezi, mtakuwa mmefika palepale mlipo Dar. Akipata 150,000, mtabaki na 117,000. Akirudia 350,000 zake, mtaweka akiba ambayo Kimara hamjawahi kuiona. Asipopata kitu, mtaishi kwa mikopo. Kwa hiyo mwenye haki ya kwanza ya kwenda kuutazama mji ni yeye kuliko wewe.

Aende akatazame nini? Vitambaa vyake vitatoka Kariakoo, atalipia kifurushi cha basi na atasubiri. Wateja wake wa miaka yote anawaacha. Misimu nayo inabadilika. Njombe kuna Wakristo wengi, kwa hiyo kazi itakuja Krismasi, Pasaka, kipaimara na harusi, na sikukuu ya Idi haitambeba kama Dar. Pesa ya wateja hufuata mavuno: baada ya mazao kuuzwa watu hushona, na miezi ya njaa hawashoni. Upande wa pili, fremu ni ya bei ya chini, na kuna soko ambalo joto la Dar haliliitaji sana, masweta ya shule. Kwenye baridi ile wanafunzi wanavaa sweta. Fundi mwenye mashine ya kufuma, aliyepata oda ya shule mbili au tatu, ana kazi ya uhakika kila Januari. Aulize walimu wakuu wanapata wapi masweta, kwa bei gani, na kama wanaridhika. Ajue pia mafundi wangapi wapo sokoni tayari, kwa sababu mji mdogo hujaa haraka. Mafundi wanne wazuri wanaweza kuwa wanatosha.

Usilinganishe pia Dar ya leo pekee. Mdogo wenu ana miaka mitatu. Shule ya mkubwa, ada na basi, inawagharimu karibu 193,000 kwa mwezi. Mdogo akianza shule ileile, ile 69,000 yenu inageuka upungufu wa zaidi ya laki moja. Hata mkisema hamuhami, Dar yenu ina miaka miwili tu ya kubaki kama ilivyo. Kwa upande huo nadhani kampuni hiyo imekuita wakati mzuri.

Kifua cha mtoto sitakijibu kwa hesabu. Baridi kavu na moshi wa jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha ni vitu viwili vinavyoweza kumzidishia mtoto mwenye pumu. Tena hujasema kama ni pumu, mzio au mafua ya kawaida ya mtoto wa Dar anayevuta vumbi la barabara. Mpeleke kwa daktari wa watoto kabla hujajibu kampuni, na umwambie wazi kwamba mnafikiria kuhamia mji wa baridi. Muulize dawa anazohitaji na kama zinapatikana kila mahali. Njombe ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa ubingwa zaidi mtapelekwa Mbeya, na safari hiyo ina nauli, malazi na siku za kazi. Angalia pia kama bima ya kampuni inahudumia watoto wote wawili. Na mkihama, mkaa usiwashwe ndani ya chumba cha kulala hata siku moja, kwa mtoto yeyote, mwenye pumu au asiye nayo. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Gharama ya kuhama yenyewe iwe tayari kabla ya kuagana na mtu. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita mbele, hiyo ni 720,000. Dalali huchukua mwezi mmoja, 120,000. Lori la mizigo nimelikadiria 600,000, na hapa una nafasi ya kubembeleza bei: malori yanayoleta viazi na mbao Dar mara nyingi hurudi hayajajaa, kwa hiyo ongea na dereva wa mzigo wa kurudi. Mablanketi, masweta na viatu vya kufunika vya watu wanne, weka 200,000. Miezi mitatu ya kwanza mkeo akiwa bado hajapata wateja, ongeza upungufu wa laki moja. Fremu yake sijaihesabu bado. Bila milioni mbili na kitu mkononi ningewashauri msiondoke, na tafadhali msizipate kwa mkopo wa simu, kwa sababu riba yake itameza unafuu wote mnaoufuata.

Lakini kwa nini ulipie yote wewe? Kampuni imekuita, kwa hiyo hapo unayo nguvu ya kuzungumza. Waombe wagharamie lori na mwezi wa kwanza wa kodi, au wakupe nyumba. Kikubwa zaidi, hakikisha mkataba unaandika kwamba umeajiriwa ukiwa Dar es Salaam. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri anayevunja mkataba mahali tofauti na pale alipokuajiri akurudishe ulikoajiriwa pamoja na mizigo yako, au akulipe gharama hiyo. Mkataba ukisema umeajiriwa Njombe, haki hiyo inakuponyoka. Tazama pia mshahara wa msingi ulioandikwa. Michango ya NSSF hukokotolewa kwenye mshahara, kwa hiyo mshahara mdogo leo unapunguza mafao yako ya uzeeni.

Mkataba huo usiusaini peke yako. Mpelekee afisa kazi au mwanasheria ausome, hasa muda wa majaribio na notisi. Ikiwa ni wa mwaka mmoja wa kujaribu, hesabu yangu yote inabadilika, kwa sababu hakuna familia inayopaswa kutumia milioni mbili kwa kazi ya miezi kumi na miwili.

Kuna watakaokushauri uende wewe kwanza, familia ibaki Kimara. Kwa mwezi mmoja au miwili sawa. Zaidi ya hapo unalipa kodi mbili, majiko mawili na nauli za kuja kuwaona, na 720,000 haibebi nyumba mbili. Wengine watasema mkae Morogoro na ubaki na kazi yako ya Dar kwa kuwa sasa kuna treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida ni 13,000 kwenda. Kwa siku 22 za kazi, kwenda na kurudi, ni 572,000 kwa mwezi, zaidi ya unafuu wote tuliouhesabu.

Ukifika Njombe kutakuwa na michango. Mji mdogo watu wanajuana, na mhasibu wa kampuni hawezi kukwepa kamati ya harusi, huku makundi ya Dar nayo hayakutoi. Utaambiwa pia ununue shamba la parachichi mwaka uleule. Mti wa kupandikizwa hukaa kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana, na muda wote huo unataka mbolea, dawa na mlinzi. Ngojeni mwaka mmoja hadi akiba isimame, na kiwanja au shamba lolote likaguliwe kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Mimi naona mhame, kwa masharti matatu: daktari awe ameridhia, mkataba uwe wa zaidi ya mwaka na utaje Dar kama mahali ulipoajiriwa, na mkeo awe amekwenda Njombe wiki nzima akarudi akisema anaiona 150,000. Sharti la tatu likishindikana, rudi kwa kampuni na uwaombe 850,000, ukiwaonyesha hesabu hii. Wakikataa, bakini Dar, tafuteni nyumba yenye LUKU yake hata kama ni mbele kidogo ya Kimara, na mkubwa ahamie shule anayoweza kwenda kwa miguu kabla mdogo hajaanza.